Homa Isiyo na Joto: Hepatitisi na Majina Yake ya Kiswahili

Mtu wa Lurambi au Malava, katika kaunti ya Kakamega, akiamka macho yamegeuka rangi ya njano, ugonjwa wake hupata jina kabla hajafika hospitali. Jirani husema ni homa ya manjano. Shangazi husema nyongo imepanda. Muuzaji wa kemisti humshauri aache nyama ya mafuta, maana ini limeshikwa. Akifika Hospitali ya Rufaa ya Kaunti ya Kakamega, ile ambayo wenyeji wengi bado huiita hospitali ya mkoa, daktari huandika hepatitisi, na akiulizwa hiyo ni nini kwa Kiswahili hujibu kwamba ni homa ya ini. Kufikia jioni mgonjwa amebeba majina matano, na bado hajaambiwa ni nini hasa kilichomuumiza.

Hepatitisi ni neno lenye asili ya Kigiriki. Hepar ni ini, na kiishio -itisi huongezwa na matabibu kwenye jina la kiungo chochote chenye mchochota, yaani kiungo ambacho mwili umekipelekea damu na chembe za kinga ili zipambane na kitu kinachokidhuru. Kwa hiyo neno hili linaeleza hali ya ini tu. Halisemi hali hiyo imeletwa na nini. Kisababishi chaweza kuwa virusi, pombe, kuvu ya mahindi au vidonge alivyopewa mtu kwa nia njema. Wagonjwa wawili waliolazwa vitanda vya jirani, wote wakiwa na neno hilohilo kwenye faili, wanaweza kuwa na magonjwa mawili yasiyohusiana kabisa: mmoja anaweza kumwambukiza mkewe na watoto, mwingine hana cha kumwambukiza mtu yeyote.

Celsus, mwandishi Mroma wa karne ya 1, aliorodhesha dalili 4 za mchochota: wekundu, uvimbe, joto na maumivu. Ukiyapanga majina ya Kiswahili ya hepatitisi mbele ya orodha hiyo, utaona kila moja limeshika dalili yake na kuziacha nyingine. Homa ya ini imeshika joto. Uvimbe wa ini umeshika uvimbe. Mchochota wa ini, kutokana na kitenzi kuchochota, yaani kuuma kwa kuwasha kama kidonda kilichoingiwa na pilipili, umeshika maumivu. Manjano haimo kabisa katika orodha ya Celsus, na ndilo jina linalowapoteza watu zaidi.

Rangi ile ya njano hutokana na bilirubini, mabaki ya chembe nyekundu za damu zilizozeeka. Chembe nyekundu ya mtu mzima mwenye afya huishi takriban siku 120, kisha huvunjwa. Ini huyachukua mabaki yake, huyageuza na kuyamwaga kwenye nyongo, nayo nyongo huyapeleka utumboni. Ini likilemewa, bilirubini hubaki kwenye damu. Macho yanakuwa ya njano kwanza, kisha ngozi. Mkojo unageuka rangi ya chai ya rangi, na mara nyingine choo kinapauka. Shangazi aliyeitaja nyongo, basi, alikuwa karibu na ukweli kuliko jirani.

Lakini ini linaweza kuwa zima na macho yakawa ya njano. Kakamega imo katika ukanda wa Ziwa Victoria, ambako malaria haikauki mwaka mzima na ambako watoto wengi huzaliwa na selimundu. Chembe nyekundu za mtoto mwenye selimundu huishi siku 10 hadi 20 tu, hivyo mabaki huzidi uwezo wa ini lililo salama. Malaria kali nayo huvunja chembe hizo kwa wingi. Mtoto wa aina hiyo akipewa jina la homa ya manjano na kulishwa miwa na glukosi nyumbani kwa wiki moja, kinachopotea ni wiki ambayo angetiwa damu au kutibiwa malaria.

Tena homa ya manjano ni jina lililokwisha kupewa ugonjwa mwingine. Katika Kiswahili cha wizara za afya ni ugonjwa wa virusi vinavyoenezwa na mbu, ule ambao msafiri huchanjwa na kupewa kadi ya njano. Ulizuka Baringo na bonde la Kerio mwaka 1992 na 1993, na ukaonekana tena Isiolo mwaka 2022. Ni kweli kwamba nao hushambulia ini, na pengine ndiyo sababu majina yameingiliana. Hata hivyo chanjo yake haimkingi mtu na hepatitisi ya aina yoyote. Mtu aliyechanjwa ili asafiri, akaambiwa amekingwa na homa ya manjano, ana haki ya kuamini kwamba macho yake hayatageuka njano tena. Imani hiyo si kosa lake.

Homa ya ini ndilo jina lililoenea zaidi, redioni na kwenye mabango, na si rahisi kuling'oa. Lina ukweli kwa upande mmoja: hepatitisi A, na B ya mtu mzima aliyeambukizwa karibuni, huweza kuanza kwa homa, uchovu, kichefuchefu na kuchukia chakula. Tatizo ni hepatitisi ya kudumu. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba watu milioni 254 walikuwa wakiishi na hepatitisi B ya kudumu mwaka 2022, na milioni 50 wakiishi na hepatitisi C, na kwamba hepatitisi za virusi ziliua watu milioni 1.3 mwaka huo. Nchini Kenya, uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2018 ulikuta virusi vya B kwa watu wazima wapatao 3 katika kila 100. Wengi wao hawana joto. Wanalima, wanaendesha bodaboda, wanafundisha, wanacheza mpira katika uwanja wa Bukhungu. Mtu wa aina hiyo akisikia tangazo linalosema wenye dalili za homa ya ini wajitokeze kupimwa, hana sababu ya kuinuka kwenye kiti.

Na uvimbe wa ini? Kwa msomaji wa kamusi neno hili halina kosa. Kwa mgonjwa, uvimbe ni kitu kilichoota ndani, na moja kwa moja akili yake huenda kwenye saratani. Mama anayeambiwa na daktari kijana kwamba mwanawe ana uvimbe kwenye ini anaweza kuondoka akiwa amekata tamaa, kumbe mtoto ana hepatitisi A, ambayo kwa kawaida hupona yenyewe katika wiki chache.

Linabaki mchochota. Limetumiwa katika maandishi ya tiba ya Kiswahili kwa miaka mingi kumaanisha hali hii hasa, kwenye kiungo chochote: mchochota wa mapafu, wa figo, wa ini. Upungufu wake ni kwamba nyama ya ini yenyewe haina mishipa ya kuhisi maumivu. Mtu huhisi uzito au maumivu chini ya mbavu za kulia pale tu ini linapotanuka na kuvuta ngozi nyembamba iliyolizunguka. Ini linaweza kuharibika miaka 20 bila kuuma. Hata hivyo mchochota ndilo jina bora, kwa sababu mbili. Halijachukuliwa na ugonjwa mwingine, na linahitaji kukamilishwa. Ukisema mchochota wa ini, msikilizaji hulazimika kuuliza: wa nini? Swali hilo ndilo ambalo majina mengine yanalizima.

Jibu la kwanza ni virusi, na virusi vina njia mbili tofauti za kuingia. A na E huingia kwa kinywa, kutoka kinyesi cha mtu hadi maji au chakula cha mwingine. Vijiji vingi vya Kakamega huchota maji kwenye chemchemi na visima vifupi, na mvua ikinyesha sana choo kilichochimbwa upande wa juu wa kisima ni hatari inayoonekana kwa macho. E ndiyo ya kuogopwa zaidi kwa wajawazito. Huko Kitgum, kaskazini mwa Uganda, mlipuko ulioanza mwaka 2007 uliwapata watu zaidi ya 10,000 na kuua takriban 160. Na ilipozuka katika kambi za Dadaab mwaka 2012, waliokufa walikuwa hasa wajawazito na wanawake waliotoka kujifungua. Maji safi, choo na sabuni huzuia A na E zote mbili.

B, C na D hupita kwenye damu na majimaji ya mwili. D haiwezi kuishi peke yake. Humshika tu aliye na B. Virusi vya B vilianza kujulikana katika miaka ya 1960 kupitia kazi ya Mmarekani Baruch Blumberg, aliyepewa Tuzo ya Nobel mwaka 1976; siku yake ya kuzaliwa, Julai 28, sasa ndiyo Siku ya Hepatitisi Duniani. Ni virusi vigumu. Tone la damu lililokauka kwenye wembe linaweza kubaki na uwezo wa kuambukiza kwa siku 7 au zaidi. Hapo ndipo mashine ya kinyozi isiyosafishwa, sindano iliyotumiwa mara mbili, wembe wa mganga anayechanja ngozi ili apake dawa, na kisu cha tohara kilichopitishwa kwa vijana wengi vinapoingia katika habari hii. Kampeni za kupambana na UKIMWI zilisisitiza kila kijana awe na kisu chake, na agizo hilohilo huzuia B.

Njia nyingine haizungumzwi sana vijijini, nayo ina uzito mkubwa: mama kumwambukiza mtoto wakati wa kujifungua. Umri wa kuambukizwa ndio huamua mengi. Mtu mzima akiambukizwa B, uwezekano wa kubaki nayo maisha yake yote hauzidi 5 katika 100. Mtoto mchanga akiambukizwa na mamaye, ni karibu 90 katika 100. Kinga ya mtoto mchanga haijajifunza kumtambua adui, hivyo huishi naye. Mchochota huja baadaye, mtoto akishakuwa mtu mzima, bila homa na bila manjano.

Jibu la pili ni pombe. Kakamega ina busaa, inayochachushwa kwa mahindi na wimbi, na ina chang'aa, ambayo sheria ya mwaka 2010 iliihalalisha kwa masharti. Utafiti wa mwaka 2022 wa NACADA, mamlaka ya taifa ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, uliliweka eneo la Magharibi mbele ya maeneo mengine ya Kenya kwa kiwango cha unywaji. Ini huivunja pombe na kupata asetaldehaidi, sumu inayozijeruhi chembe zake. Kwanza mafuta hujilimbikiza ndani ya ini. Mnywaji akiendelea, mchochota hufuata, na baada yake kovu. Mwanzoni uharibifu unarudi nyuma: mtu akiacha pombe kwa wiki chache mafuta hupungua. Chupa yenye kibandiko na kibuyu kisicho na jina havina tofauti kwa ini. Kinachohesabiwa ni kiasi cha pombe na miaka ya kuinywa.

Lakini pombe imefanya madhara mengine, yasiyo ya kitabibu. Katika vijiji vingi mgonjwa yeyote wa ini huhesabiwa kuwa mlevi. Mwalimu wa kanisa ambaye hajawahi kuonja busaa akivimba tumbo, watu hunong'ona. Hilo huwafanya wagonjwa wa hepatitisi B kujificha, na ndugu zao, ambao wangepaswa kupimwa, huambiwa kwamba ni vidonda vya tumbo. Hapa jina lenye kisababishi ndani yake hulinda heshima ya mtu: mchochota wa ini wa virusi ni jambo moja, mchochota wa ini wa pombe ni jingine, na hakuna kati yao linalostahili kunong'onwa.

Jibu la tatu limo ghalani. Mwaka 1981 wilaya ya Machakos ilipata mlipuko wa hepatitisi ambao haukuwa na virusi. Njiwa walianza kufa, kisha mbwa waliokula mabaki ya nyumbani, kisha watu. Wagonjwa 20 walilazwa na 12 wakafa. Kilichowaua ni aflatoksini, sumukuvu iliyotengenezwa na ukungu kwenye mahindi waliyokuwa wakila. Mwaka 2004 balaa hilo lilirudi kwa ukubwa zaidi, hasa Makueni na Kitui: wagonjwa 317, vifo 125. Wakati huo kiwango kilichoruhusiwa kilikuwa sehemu 20 katika bilioni. Baadhi ya mahindi yaliyopimwa yalikuwa na maelfu. Watafiti walipolinganisha wagonjwa na majirani zao wazima, waligundua kwamba wagonjwa walikuwa wameyaweka mahindi mabichi ndani ya nyumba zaidi ya wenzao, na pia kwamba virusi vya B vilionekana kwao mara nyingi zaidi. Sumu na virusi vilikutana ndani ya ini moja.

Milipuko hiyo ilitokea Mashariki, kwenye ukame. Kakamega ina shida yake ya kinyume, mvua. Mkulima wa Lugari au Shinyalu anayavuna mahindi, anayaanika kwenye turubai uani au kando ya lami, na saa nane mchana wingu linatanda. Watoto hukimbia kuyakusanya, mahindi hufunikwa usiku yakiwa na unyevu, kesho yake huanikwa tena. Mahindi ya kuhifadhi yanatakiwa yasizidi unyevu wa asilimia 13.5, na kung'ata punje kwa meno, kipimo cha wazee, hakuwezi kuonyesha tofauti ndogo. Punje zilizooza mara nyingi hutengwa zikawa za kuku au za kupikia busaa. Kuzisaga na kuzipika hakuimalizi sumu hiyo, kwa kuwa hustahimili joto la sufuria. Tena si lazima ije kwa wingi wa Makueni ili idhuru: kiasi kidogo kinacholiwa kila siku kwa miaka ni kisababishi kinachojulikana cha saratani ya ini, na kwa mwenye virusi vya B hatari hiyo huzidishwa mara nyingi.

Dawa pia zimo. Vidonge vya kifua kikuu, yaani isoniazidi, rifampisini na pirazinamidi, huokoa maisha ya watu wengi, na kwa wachache huleta mchochota wa ini. Ndiyo maana mgonjwa wa kifua kikuu akianza kutapika na mkojo kuwa mweusi anapaswa kurudi kliniki siku hiyohiyo, asingoje tarehe ya kadi. Panado, yaani parasetamoli, ikinywewa kupita kiasi huweza kuliua ini ndani ya siku chache. Mizizi inayochemshwa bila kipimo ina hatari zake. Mafuta ndani ya ini yanayotokana na unene na kisukari yanaongezeka mijini, na mara chache kinga ya mwili yenyewe hulishambulia ini bila kuchokozwa.

Mchochota unaodumu, chanzo chake kikiwa chochote, ukiachwa kwa miaka huweza kuishia njia moja. Chembe zilizokufa huachia nafasi yake kovu, ini huwa gumu na kusinyaa, na damu inayotoka tumboni kulipitia hukosa njia. Inajaa kwenye mishipa ya koo la chakula, ambayo siku moja hupasuka na mgonjwa akatapika damu. Maji hujaa tumboni, miguu huvimba, mikono hukonda. Katika hatua hii ndipo maneno ya kurogwa husikika zaidi, kwa sababu mtu aliyekuwa mzima mwaka jana sasa ana tumbo la mjamzito na uso wa mifupa. Sumu ambazo ini lingezisafisha hufika ubongoni: mgonjwa halali usiku, analala mchana, anasahau majina ya wanawe. Saratani ya ini nayo hujitokeza wengi wakiwa katika umri wa kusomesha watoto.

Kwa hiyo mhudumu wa afya wa kijijini anayetaka kusema Kiswahili kinachosaidia ana njia rahisi. Aiache homa ya manjano kwa ugonjwa wa mbu. Akisema homa ya ini, kwa kuwa ndilo neno la watu, aongeze papo hapo kwamba mara nyingi haina homa. Kwenye maelezo yake aseme mchochota wa ini, na asivuke sentensi hiyo kabla ya kutaja kisababishi: wa virusi vya B, wa pombe, wa sumukuvu, wa dawa. Kama kisababishi hakijajulikana, aseme kipimo gani kinangojewa.

Kipimo cha B chenyewe ni kidogo. Ncha ya kidole huchomwa, tone la damu huwekwa kwenye kibao cha plastiki, na baada ya dakika 15 hivi mstari mmoja unaonyesha kwamba virusi havikuonekana, miwili kwamba vipo. Kenya iliiingiza chanjo ya B katika sindano ya watoto ya magonjwa matano mwishoni mwa mwaka 2001, ikitolewa wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Waliozaliwa kabla ya hapo, ambao leo ndio wazazi, makondakta na wauguzi wa Kakamega, hawakuipata. Mtu mzima ambaye hana virusi huchanjwa mara 3: leo, baada ya mwezi mmoja, na mwezi wa 6. Aliye navyo hasaidiwi na chanjo. Huyo hupimwa vimeng'enya vya ini na wingi wa virusi, hupigwa picha ya tumbo, na akihitaji dawa hupewa tenofoviri, ambayo hospitali za Kenya zinaijua tangu zamani kwa sababu ni mojawapo ya dawa za UKIMWI. Mwenzi wake na watoto wake nao hupimwa na kuchanjwa. Mama mjamzito mwenye virusi vingi huanza dawa hiyo kabla ya kujifungua, na mwanawe anatakiwa apate sindano ya B ndani ya saa 24 za kwanza, mapema kuliko ratiba ya wiki ya 6. Anayeelekea kujifungua, basi, aiulize kliniki yake mapema, mimba ikiwa bado changa, kama sindano hiyo ipo na kama haipo inapatikana wapi.